Miezi Saba na Simu Mkononi

Mitihani ya Kidato cha Nne huisha Novemba. Kidato cha Tano kwa kawaida huanza Julai. Hesabu mwenyewe: Desemba, Januari, Februari, Machi, Aprili, Mei, Juni. Miezi saba mizima kijana wa miaka kumi na sita au kumi na saba anaambiwa asubiri. Asubiri matokeo, asubiri uchaguzi wa TAMISEMI, asubiri fomu ya kujiunga. Hana kengele, hana sare, hana mwalimu wa zamu, hana hata ile foleni ya wachelewaji pale getini. Na kwa kuwa shuleni simu zilikuwa marufuku, akimaliza tu, zawadi ya kwanza anayopewa ni simu.

Halafu tunashangaa.

Nimesikia mengi kuhusu vijana na gemu: mahubiri, vipindi vya redio, semina za ushauri nasaha hapahapa chuoni. Karibu yote yanaanza na gemu yenyewe. Ina bunduki, ina damu, inaharibu akili. Mimi naomba tuanze na kalenda. Kijana anayezama anazama pale gemu isiyo na breki inapokutana na siku isiyo na kazi. Ukiiondoa gemu ukaiacha siku ileile tupu, atatafuta shimo jingine, na mitaani kwetu mashimo yapo ya kutosha. Zile mashine za sarafu tunazoziita dubwi ziko nje ya duka la vocha, na sheria inayosema asiye na miaka 18 asicheze kamari haisimami pale mlangoni kumuuliza mtu umri.

Sisemi gemu haina lawama. Inayo, na nitaifikia. Lakini kwanza tukumbushane tulikotoka.

Wengi tunaosoma jarida hili tumekulia kwenye vibanda vya gemu. Kwa asiyejua: chumba kimoja, TV tatu za chogo, PlayStation zilizofungwa kwa waya ili zisiibwe, na feni moja inayompuliza mwenye kibanda peke yake. Kwetu mechi ilikuwa shilingi 200, baadaye ikapanda hadi 300. Anayefungwa analipa na kutoka, mshindi anabaki. Maana yake mtoto mwenye shilingi 400 na uwezo mdogo alikuwa nje ndani ya nusu saa, ananing'inia dirishani kuangalia wakubwa. Umeme ukikatika, biashara imekwisha. Ukija na sare ya shule mwenye kibanda anakufukuza, si kwa upendo, anaogopa mjumbe. Na giza likiingia anatokea mama wa mtu, kandambili mkononi, na hapo hata ambao si watoto wake wanatimka.

Vibanda vile vilikuwa na uchafu wake. Chenji za nyumbani zilipotea, utoro ulikuwepo, na wakubwa walikuwa wakiwekeana dau mbele ya watoto. Sivitetei. Ninachokitaja ni kitu kimoja tu ambacho hatukukithamini: kibanda kilikuwa na breki. Pesa ilikuwa breki, foleni ilikuwa breki, umeme ulikuwa breki, macho ya watu yalikuwa breki. Hakuna aliyezipanga. Zilikuwepo tu.

Sasa chukua simu. Free Fire ya kampuni ya Garena ya Singapore ilitoka mwaka 2017, na siri yake kubwa sidhani kama ni ubora wa picha. Ni kwamba inakubali kwenye simu ya bei ndogo, zile simu za watu wetu. Wachezaji hamsini mnatupwa kisiwani, mnawindana, anabaki mmoja au kikosi kimoja. Mechi nzima inachukua kama dakika kumi. Kuingia ni bure. Hakuna foleni, hakuna wa kukupokonya pedi, na ukifa dakika ya pili unabonyeza na kuanza nyingine kabla hujapata muda wa kujiuliza kama unataka.

Neno "bure" hapo ndipo penye ujanja wote. Gemu ya kununua mara moja ilikuwa inataka uinunue, basi. Gemu ya bure inataka ubaki. Kadiri unavyobaki ndivyo inavyoongezeka siku utakayotoa pesa ya kununua almasi, na kwa almasi unapata mavazi na mapambo ya bunduki. Kwa hiyo kila kitu ndani yake kimewekwa kwa ajili ya kukubakiza. Kuna zawadi ya kuingia kila siku, ambayo ukiruka siku unaikosa. Kuna madaraja, unapanda kwa jasho kutoka shaba hadi juu kabisa, kisha msimu ukiisha unashushwa uanze kupanda tena. Kuna masanduku ya bahati ambayo hujui kilichomo hadi uyafungue. Hili la mwisho wanaosoma saikolojia hapa wanalijua tangu mwaka wa kwanza: B. F. Skinner alishaonyesha kwa panya na njiwa, karne iliyopita, kwamba mnyama anayepata punje kwa nyakati zisizotabirika atabonyeza kitufe kwa bidii kuliko anayepata punje kila akibonyeza, na atachelewa sana kuacha hata punje zikikoma. Dogo aliyelala na simu kifuani hajui jina la Skinner. Waliomtengenezea lile sanduku wanalijua vizuri.

Na wasitwambie kwamba hizi ni hofu za wazee. Desemba 2022 kampuni ya Epic Games, wenye Fortnite, ilikubali kulipa jumla ya dola milioni 520 za Marekani baada ya tume ya biashara ya nchi hiyo kuishitaki. Sehemu moja ilihusu taarifa binafsi za watoto. Sehemu nyingine, dola milioni 245, ilikuwa ya kuwarudishia wachezaji walionaswa kwenye manunuzi wasiyoyakusudia, kwa vitufe vilivyopangwa kuwapotosha. Huko kuna tume. Kwetu mzazi akikuta elfu kumi imeondoka, anayehojiwa ni mtoto.

Kuhusu kama uraibu wa gemu ni ugonjwa kweli, mjadala upo na ni halali. Shirika la Afya Duniani liliuingiza katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, likapitishwa Mei 2019 na kuanza kutumika Januari 2022. Baadhi ya watafiti walipinga, wakihofia kila mtoto anayependa gemu atabandikwa jina la mgonjwa. Hofu hiyo naielewa. Lakini ukisoma vigezo vyenyewe utaona havimhusu kila mtu: umeshindwa kujizuia, gemu imepita mbele ya mambo mengine yote ya maisha, na unaendelea ingawa unaona inakuumiza, na kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu kama miezi kumi na miwili. Kucheza saa tano Jumamosi si ugonjwa. Kucheza huku unalia ndilo jambo jingine.

Naandika neno "kulia" kwa sababu nimeliona.

Nina mdogo wangu. Sitamtaja jina, na ameniruhusu kuandika haya kwa sharti hilo. Alimaliza Kidato cha Nne shule ya kata, mtoto wa kukaa tatu bora karibu kila muhula. Wiki mbili za kwanza za Desemba alilala, na hiyo ni haki yake. Kisha mjomba akamletea simu. Mwanzoni mwa Januari mama akanipigia: "Hivi huyu mwenzio anaumwa? Mtu anaamka saa nane mchana." Mama anauza chapati na maandazi, anaamka saa tisa usiku kukanda unga, kwa hiyo ndiye aliyeona mwanga ndani ya chandarua. Alidhani dogo anachati na msichana. Aliniambia baadaye kwamba alifurahi kidogo, akasema moyoni kumbe kijana amekua.

Matokeo yakatoka, akapata Daraja la Pili. Nyumbani wakachinja kuku. Yeye alikula haraka akarudi chumbani.

Nilipokwenda nyumbani mapumziko ya katikati ya mwaka wa masomo nilimkuta amepungua, macho mekundu, anakula kwa mkono mmoja. Ukimwita anaitika "naam" lakini haji. Salio la mama kwenye simu lilikuwa linapungua elfu mbili, elfu tano, na mama akawa analaumu makato. Mjomba yuleyule aliyeleta simu akaja na dawa anayoijua, mkanda. Akafuta gemu, akaondoka na simu. Siku nne dogo hakuongea na mtu. Ilikuwa arosto, sina neno jingine. Hasira, hataki kula, anazunguka ua kama kuku aliyetaka kutaga. Siku ya tano tukamkuta kwa jirani anatumia simu ya mtoto wa darasa la sita, akaunti yake ileile, daraja lake lilelile.

Hapo nikaelewa jambo ambalo wazazi wengi hawalijui: kufuta gemu kwenye simu hakufuti chochote. Akaunti iko kwenye seva huko iliko, inakusubiri na mavazi yako yote. Na dogo alikuwa ameshaifuta mwenyewe, kwa hiari, mara tatu, usiku, kabla mtu yeyote nyumbani hajajua kuna tatizo. Kila asubuhi aliipakua tena. Wale wanaosema "si aache tu" wajue kwamba yeye alilijaribu wazo hilo kabla yao, akiwa peke yake gizani, likamshinda.

Tulikaa barazani jioni moja nikamuuliza anapenda nini kule. Nilitegemea ataniambia bunduki. Akasema, "Braza, kule ukifa unaanza tena palepale. Huku ukifeli unasubiri mwaka." Akanyamaza kidogo. Kisha akaniambia kikosi chake cha watu wanne hukutana saa tano usiku, na asipoingia wanamtumia ujumbe kuuliza yuko wapi. "Hapa nyumbani mchana wote nani ananitafuta?"

Sikuwa na jibu la haraka. Kwa kweli mchana wote hakuna aliyekuwa akimtafuta. Mama yuko kwenye meza yake ya chapati, mjomba yuko bandarini, rafiki zake wa darasani wametawanyika, wengine wamelipiwa masomo ya maandalizi ya Kidato cha Tano, wengine wamepelekwa mikoani. Mtoto aliyekuwa na ratiba ya saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi jioni kwa miaka kumi na moja mfululizo tulimvua ratiba siku moja, tukampa simu, tukamwambia pumzika.

Hapa niweke jambo ambalo najua litawaudhi baadhi ya kaka zangu. Dada yetu anayemfuata dogo kwa juu naye alipita kwenye miezi ileile saba. Naye alikuwa na simu. Hakupata tatizo hili, na nyumbani tulizoea kusema ni kwa sababu ana akili ya utu uzima. Uongo. Ni kwa sababu alfajiri alikuwa anasukuma chapati na mama, mchana anafua, jioni anapika. Miezi yake haikuwa mitupu, ilijazwa bila yeye kuulizwa. Sisemi hiyo ndiyo tiba, kumbebesha mtu ndoo mpaka asiwe na nguvu ya kushika simu. Dada alipoteza vingine, kusoma mojawapo. Ila inatuonyesha kwamba tunachokiita tabia ya mtoto mara nyingi ni jinsi sisi tulivyomgawia saa zake. Mvulana tuligawa sifuri.

Kilichomsaidia dogo, kwa kadiri kilivyosaidia, hakikuwa cha ajabu. Rafiki wa mjomba ana karakana ya aluminiamu, anatengeneza madirisha na milango. Akakubali dogo awe anakwenda saa mbili asubuhi, ashike tepu, akate, afunge mpira wa kioo. Malipo nauli na chakula cha mchana. Wiki ya kwanza alikata vipande viwili vibaya, akatukanwa, akarudi nyumbani akasema haendi tena. Alikwenda. Wiki ya tatu fundi akampigia simu saa mbili na robo: "Uko wapi wewe, kioo kimefika." Nadhani ile simu ilifanya kazi kubwa kuliko mkanda. Alikuwa ametafutwa.

Simu tulimrudishia. Lilikuwa wazo lake mwenyewe kwamba saa nne usiku iende kulala kwa mama, kwenye kikapu cha unga, mahali ambapo huwezi kuitoa bila kumwamsha mtu anayehitaji sana usingizi. Gemu akabaki nayo Jumamosi na Jumapili. Na asije mtu akadhani hii ni hadithi ya kupona. Ile wiki ambayo orodha ya waliochaguliwa Kidato cha Tano ilitoka, na yeye akajikuta kapangiwa mkoa ambao hajawahi kuufikia hata kwa basi, alicheza siku tatu usiku na mchana, karakana hakwenda, na kikapuni tulikuta gamba la simu bila simu. Sasa yuko bweni. Simu iko kabatini kwa mama. Watu nyumbani wanasema ameacha. Mimi naona hajaacha, amefungiwa, na bweni lina likizo. Likizo ya Desemba naiogopa.

Sasa kuna wanaosema serikali itunge sheria, na hutolea mfano Uchina. Mfano wenyewe ni wa kweli: tangu Septemba 2021 mtoto wa chini ya miaka 18 huko anaruhusiwa gemu za mtandaoni saa moja tu, kuanzia saa mbili hadi saa tatu usiku, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Kampuni zinatakiwa kumtambua kwa jina lake halisi. Ukiileta hapa itagonga mwamba wa kwanza kabla ya jioni. Laini zetu tumezisajili kwa alama za vidole, na dogo hakuwa na kitambulisho cha taifa, kwa hiyo laini yake iko kwa jina la mama. Kwenye vitabu vya kampuni ya simu, aliyekuwa akipiga risasi kisiwani saa nane za usiku ni mama mmoja wa miaka arobaini na saba, muuza chapati.

Korea Kusini inanivutia zaidi. Mwaka 2011 walianza sheria iliyozuia walio chini ya miaka 16 kucheza gemu za mtandaoni kwenye kompyuta kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Ilidumu miaka kumi, ikafutwa kufikia Januari 2022, kwa sehemu kwa sababu watoto walishahamia kwenye simu ambako sheria ile haikuwagusa. Sawa, ilishindwa. Lakini angalia walichokuwa wanajaribu kukilinda: usiku. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anashauriwa kulala saa nane hadi kumi. Wakorea walitaka kufunga geti usiku wa manane. Sisi saa zilezile ndizo tunauziwa bando la usiku kwa bei ya kutupa. Tunalijua vizuri bando hilo, ndilo tunalopakulia mihadhara na, tuseme ukweli, mengine. Sitaki liondolewe, wanafunzi maskini ndio wanaolitegemea. Ila kampuni inayoweza kunitumia ujumbe kila siku kuniambia ninaweza kukopa salio haishindwi kumwekea mzazi swichi ya kuzima data ya laini fulani usiku, laini ambayo tayari iko kwa jina lake. Mzazi apige namba fupi, achague, basi. Mama yangu anaweza kulifanya hilo. Kuingia kwenye mipangilio ya simu ya dogo hawezi, na hata akiweza dogo atakuwa ameshamtangulia hatua tatu.

Jambo hili linatuhusu nini sisi wa chuo? Kwanza, hawa ndio wanaokuja. Kila mwaka wa kwanza ukifunguliwa tunawaona. Mtu amepita Kidato cha Sita salama kwa sababu bweni lilimshikia breki miaka miwili, sasa anapata chumba, anapata bumu, hakuna anayemuuliza amelala saa ngapi, na intaneti ya hosteli haizimwi. Semista ya kwanza sapu tatu. Ya pili amedisko, na nyumbani anasema chuo kilikuwa na upendeleo. Tunamwita mzembe. Wengine tunamcheka kwenye kundi la WhatsApp la darasa. Pale kwenye ofisi ya mshauri wa wanafunzi anayekwenda kusema "nimefiwa" anapokewa, anayekwenda kusema "siwezi kuacha gemu" anaogopa atachekwa, kwa hiyo haendi.

Pili, sisi ndio kaka na dada wanaosikilizwa. Mjomba wangu akisema gemu ni shetani dogo anafumba masikio. Nikimwambia mimi, ambaye nilimfundisha kupiga faulo kwenye PES na bado nacheza, anasikiliza angalau nusu. Ukirudi nyumbani mapumziko usianze na hotuba. Uliza anacheza na nani, yuko daraja gani, kikosi chao kinaitwaje. Utapata habari nyingi zaidi kuliko za kupekua simu yake.

Tatu, na hili naliandika kwa waziri wa michezo wa serikali yetu ya wanafunzi, ambaye kila mwaka anaandaa mashindano ya gemu ya wiki ya kuwakaribisha wageni na kuyaita maendeleo ya michezo. Nayapenda, nimeshiriki, sina ugomvi nayo. Lakini kuzunguka uzio wa chuo hiki kuna mitaa imejaa waliomaliza Kidato cha Nne mwezi wa kumi na moja. Wanatuona tukipita. Sisi miezi hiyohiyo tuko hapa, masomo yanaendelea, viwanja viko hapa, na uwanja wa chini Jumamosi asubuhi hukaa mtupu mpaka jua linapopoa. Maktaba nayo ina meza za nje zisizohitaji kitambulisho. Klabu ya hisabati ina watu wanaolalamika hawana wa kuwafundisha. Idara ya uhandisi ina wanafunzi wanaoweza kumwonyesha kijana jinsi gemu inavyoandikwa badala ya kuchezwa, na niamini, kwa dogo wa aina ile hicho kinavutia kuliko mahubiri kumi.

Najua majibu yatakayokuja: bajeti, ulinzi, nani atawajibika mtoto akiumia. Ya ulinzi ni ya kweli na ikae mezani na mkuu wa walinzi, majina yaandikwe getini. Ya bajeti sikubali. Kwa mwanzo inatakiwa mipira miwili, daftari la mahudhurio, na watu wanne wa kupokezana kuamka mapema Jumamosi, mmoja wao akiwa na ufunguo wa geti la chini. Mtoto akikosekana wiki mbili, mmoja ampigie simu kumuuliza yuko wapi. Jina langu liwe la kwanza kwenye orodha ya hao wanne. Nahitaji watatu kabla ya Desemba.